Kima Hukatwa, Haisagwi

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa jirani yangu Mama Sifa, maana yeye huitia chumvi, na hadithi hii imeshakolea vya kutosha. Mwezi uliopita mimi Shabani, mtu mzima mwenye mvi na diploma ya sekondari iliyotundikwa ukutani, nilibeba beseni la nyama ya ng'ombe iliyokwisha kuungwa kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, nikaipeleka kwenye mashini ya kusagia muhogo. Nikaimimina. Mashini ikala.

Ninyi mliokulia Kasongo enzi zangu, najua sasa hivi mmeshika kichwa. Vijana wanauliza, "Sasa kosa liko wapi?" Basi wakae hapa pembeni, tuwaeleze kima ilikuwa nini.

Kima ya zamani ilisikika kabla ya kuonekana. Siku ya kuamkia Idi, alasiri, ulikuwa ukikaa barazani unasikia visu vinaanza nyumba moja, vinaitikiwa nyumba ya pili, mpaka kartiye nzima, mtaa wote, inalia kata-kata-kata-kata kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Bibi Mwamvua, aliyemzaa baba yangu, alikuwa akikaa kwenye kigoda, miguu imenyooka mbele, gogo la mti mgumu katikati ya mapaja, kisu mkono huu na kisu mkono huu. Nyama inaingia kipande, inatoka chembechembe. Hakuangalia chini hata kidogo. Alikuwa anaangalia sisi, kwa sababu hatari haikuwa kwenye visu, ilikuwa kwetu.

Tulijua kila nyumba kwa mlio wake. Mke wa fundi wa nguo alikuwa anakata polepole kama mtu anayefikiria kuachika. Nyumba ya nyuma yetu walikuwa na kisu kimoja tu, wakawa wanakata na kupumzika, kata, kimya, kata, kimya, na Bibi akisikia kile kimya anasikitika: "Masikini, wale wanakula mabonge." Watoto wa jirani walianza kuja kwa visingizio. Huyu kaja kuomba moto. Yule anauliza kama tumeona kuku wao, na huyo kuku amembana kwapani.

Nyama ikishaiva na kitunguu, sisi watoto tulikalishwa kwenye mkeka kujaza sambusa. Na hapo Bibi alikuwa na sheria yake: anayejaza lazima aimbe kaswida, kwa sauti, bila kusimama. "Mudomo unaoimba hautafuni," alisema. Ukinyamaza hata kwa kumeza mate, kijiko cha mti kimeshafika kichwani. Majirani walituona watoto wa dini sana. Kumbe tulikuwa chini ya ulinzi. Binamu zangu waliimba kwa huzuni ya kweli, wanaangalia kima inapita mbele ya pua inaingia kwenye unga, inafungwa, inakwenda. Mimi nilijifunza kuimba nikiwa na nyama shavuni, na mpaka leo nikiingia msikitini nikisikia kaswida, mate yananitoka. Shehe mmoja aliniona nafuta mdomo akadhani nimeguswa na maneno.

Sasa hili jina lenyewe, kima, lilitoka wapi? Hapo ndipo nyumba yetu ilikuwa na hadithi kuliko nyama.

Bibi alisema lilikuja kwa miguu. Babu wa babu yake alitoka nalo pwani na msafara, wakapita Tabora, wakafika Ujiji, wakavuka ziwa, wakapanda mpaka Kabambare, ndipo wakashuka Kasongo. "Nyama iliishia Ujiji," Bibi alisema, "jina ndilo lilifika." Mambo ya ile misafara si yote ya kuchekea, na Bibi akifika mahali fulani pa hadithi alikuwa ananyamaza, anakata kwa nguvu zaidi, halafu anamaliza na maneno yale yale: "Jina lilitoka pwani. Mikono ya kukata ilitoka hapa hapa." Alikuwa anasema juu ya bibi zake, wanawake wa Kibangubangu ambao hakuna aliyewauliza kama wanapenda wageni.

Basi Kasongo ikawa na jina bila nyama yake, na watu wakaanza kulijaza na chochote kilichokuwepo. Swala. Samaki wa Lualaba. Uyoga wakati wa mvua. Mwaka mmoja mbaya tulikula sambusa za kumbikumbi, na mimi nikitaka kusema ukweli, zile zilikuwa tamu kuliko zote. Bibi hakujali kitu gani kinakatwa. Alijali kimekatwa namna gani. Kama ni visu viwili na chembe zote ni sawa, hiyo ni kima. Kama sivyo, ni ajali.

Shuleni nako nikaenda na neno langu. Mwalimu aliuliza kwa Kifaransa tumekula nini siku ya Idi, nikasimama nikasema kima. Akasema kwa Kifaransa inaitwa ashe, nyama ya kukatwakatwa, na jina hilo ni ndugu ya jina la shoka. Nikakimbia mpaka nyumbani kumpa Bibi habari kwamba Wazungu wanakata kima kwa shoka. Akaweka visu chini, akafikiri sana. "Ndiyo maana," akasema, "walikuwa na hasira vile."

Na ng'ambo ya lupango, ule ua wa nyumba yetu, mama yake Mama Sifa, Mubangubangu kamili, alikuwa akisikia hadithi ya msafara anapaza sauti: "Sisi tulikuwa tunakata nyama ndogondogo, tunafunga mu majani, mbele ya babu yako kujua njia! Alikuta tunakula!" Bibi anajibu, "Na muliita je?" Yule mama anataja jina la Kibangubangu, jina zuri, ambalo nikiliandika nitaliharibu. Kisha wanatumiana sahani, huku sambusa, huku majani, na ugomvi unasubiri Idi ijayo.

Lakini kazi kubwa ya kima haikuwa Idi. Ilikuwa posa. Nyumbani kwetu wakwe wakija mara ya kwanza, hawalishwi nyama yenye mfupa. Haramu ya nyumba. Sababu yake ni shangazi yangu Tausi. Siku ya posa yake walipikwa kuku, wakagawiwa wageni, na msemaji wa wakwe akaangukiwa na shingo. Mzee wa watu aliangalia ile shingo, ile shingo ikamwangalia, akaosha mikono, akaaga kwa adabu, na Shangazi Tausi akazeeka anachambua mchele wetu. Tangu siku ile Bibi akaweka amri: "Mufupa iko na mukubwa wake na mudogo wake. Kima haina mukubwa." Ukikata nyama mpaka chembe zote zifanane, hakuna atakayepata shingo. Hakuna atakayehesabu nani kaheshimiwa. Mimi nilikulia hapo, pembeni ya lile gogo, na nilidhani dunia nzima inaoa kwa namna hiyo.

Miaka ikapita. Wenzangu wakaenda Salamabila kutafuta dhahabu. Mimi nikabaki kutafuta viatu vyangu chini ya kitanda. Kuna waliofika Bukavu, kuna waliofika mbali zaidi. Mimi mbali nilikofika ni Lusangi, kwa dada yangu Mariamu, na nililala usiku mmoja nikarudi kwa sababu mto wao una manyoya mengi. Bibi alipofariki, nyumba ikabaki na mimi, na visu viwili vikabaki na mimi, kwa hesabu kwamba mtu asiyetoka hapotezi vitu. Nikawa mwenye kujua kima. Kila harusi nilikaa mahali pazuri, naeleza msafara, Ujiji, jina lilivyofika bila nyama. Kukata walikuwa wanakata wengine. Mimi nilikuwa nakata maneno.

Ndipo akaja Zuena, binti wa Mariamu, na mchumba wake anayeuza simu kule Salamabila, kijana wa watu wa Kabambare. Mariamu akaamua posa ifanyike nyumba ya Bibi. Akaleta nyama yake mwenyewe kutoka Lusangi, nusu ya alichonacho, akaniwekea mikononi. "Kaka, mimi najua kupika bukari ya muhogo na mboga ya sombe. Kima ni yako. Nakuomba kitu kimoja tu: binti yangu asipate shingo." Nikamwambia alale usingizi.

Asubuhi ya posa nikakaa kwenye kigoda, nikapanga gogo, nikashika visu. Nikakata. Kabla beseni halijabadilika sura, mkono ulianza kuuma, mkono ambao katika maisha yake haujawahi kuchimba, kulima wala kubeba. Nikapumzika. Nikakata. Nikajisikia, kata, kimya, kata, kimya, kama ile nyumba ya nyuma. Na hapo, mwisho wa barabara, mashini ya Papa Dunia ilikuwa inaunguruma. Wanawake wamepanga foleni, muhogo mkavu kama mawe unaingia, unatoka unga laini. Nikajiambia: Shabani, wewe si umesoma? Kima si nyama ya kusaga? Kinachovunja mawe kitashindwa na nyama?

Nikaiunga kwanza, ili viungo vichanganyike vizuri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Mama Sifa anapenda kuirudia.

Papa Dunia ana masikio yaliyokufa kwa mlio wa mashini yake, na kabla ya kila mteja huwa anageuka kuangalia mafuta. Nilikuwa na beseni limefunikwa kitambaa, kama kila mtu. Alipogeuka nikapanda kwenye kibao nikamimina. Mashini ikasema du-du-du, ikasema mmmm, kama mtu aliyeonja kitu kitamu, halafu ikakohoa. Chini kikatoka kitu cha rangi ya waridi, kizito kama udongo wa kuzibia ukuta, kidogo tu. Nyama iliyobaki ilikuwa imejipaka ndani, na Papa Dunia hajaona, akamwaga muhogo wa aliyefuata, akaiongezea motere mafuta. Aliyefuata alikuwa Mama Sifa. Nyuma yake kartiye nzima.

Mimi nilikuwa nimeshafika kwangu, nimefunga mlango, naangalia kile kijiudongo cha waridi, wakati niliposikia sauti ya Papa Dunia, yeye ambaye hasikii hata radi lakini pua anayo.

"Nani ameweka nini humu? Mashini yangu inanuka kama arusi!"

Halafu Mama Sifa: "Hii unga yangu iko na pilipili! Mimi nilileta muhogo, minarudishiwa sambusa!"

Foleni yote ikaangalia unga wake, ikanusa, ikafikiria. Kartiye yetu haina watu wengi wanaoweza kufanya jambo kama hilo. Hawakuuliza hata kidogo. Walikuja moja kwa moja uani kwangu, kila mmoja na beseni lake kichwani, wakasimama.

Mariamu naye akatoka jikoni. Aliangalia watu, akaangalia unga, akaangalia visu viwili vikavu juu ya gogo. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Kaka. Kima iko wapi?"

Nikajibu, na Mungu ni shahidi, hivi ndivyo nilivyojibu: "Imetangulia."

Zuena alikuwa mlangoni amevaa nguo yake ya posa, hina haijakauka. Akaanza kucheka, kicheko ambacho kikigeuka tu ni kilio. Na katikati ya kicheko hicho pikipiki zikaingia, tope mpaka magotini, wakwe kutoka Kabambare wamefika mapema. Mbele yao baba mkubwa wa kijana, Mzee Saidi, msemaji wao, mwembamba kama fimbo yake.

Mzee Saidi alishuka, akajifuta uso, akaona uani watu wengi wamejipanga na mabeseni ya unga. Akasimama. Nikamwona anahesabu shingo zote alizopewa maishani, na kuona kwamba hii si shingo.

"Kumbe!" akawageukia wenzake. "Kasongo wanapokea wakwe na unga! Kartiye muzima! Sisi Kabambare hatujafika huko."

Mama Sifa alikuwa mbele kabisa, mdomo umeshafunguka kunidai. Alimwangalia Mariamu. Akamwangalia Zuena na hina yake. Mdomo ukafungwa, akameza kama mtu anayemeza kidonge bila maji, akateremsha beseni akaliweka miguuni pa mzee.

"Karibuni, wakwe," akasema.

Wa pili akaweka. Wa tatu akaweka. Papa Dunia, ambaye hakusikia neno, alipoona wote wanaweka, akavua kofia akaiweka na yeye, halafu akairudisha.

Basi unga tulikuwa nao. Kima hatuna. Mama Sifa akanivuta sikio nyuma ya nyumba. Alikuwa na jogoo mmoja, mkubwa, sauti ya mwadhini, ambaye kwa miaka alikuwa adui yangu kwa sababu anawika chini ya dirisha langu wakati usingizi umeanza kunoga. Kila wiki nilikuwa nikimwomba amuuze. Akamshika miguu yote miwili, akanikabidhi. "Muchinje kiislamu munavyochinja," akasema, "na ukiweka mufupa hata moja mbele ya huyu muzee, mimi mwenyewe nitakupa shingo yako."

Nikakaa kwenye kigoda. Safari hii mkono haukuthubutu kuuma. Kata-kata-kata, jogoo na uyoga aliokuja nao Mariamu kutoka Lusangi pamoja, ili iongezeke. Mlio ukafika barazani, na Mzee Saidi akainuka kwenye kiti chake cha heshima, akaja mpaka kwenye gogo, akainama kusikiliza kama fundi anayesikiliza injini.

"Unakata kama mutu wa Kasongo," akasema. "Lete kisu moja. Hii kima ililala kwetu kwanza. Musafara ulipumzika Kabambare, watu wakala, wakashiba. Nyinyi mulifikishiwa harufu."

"Mzee, sisi tulifikishiwa jina."

"Jina lililoisha chumvi. Sogea."

Tukakata pamoja, yeye kisu kimoja, mimi kimoja, magoti yanagusana juu ya gogo la Bibi. Mwanzo milio iligombana, ya kwake mbio, ya kwangu mvivu. Halafu, sijui namna gani, ikakutana. Mariamu akaweka mkono mdomoni. Nilijua anasikia nini.

Zuena, ambaye kama vijana wote wa leo hawezi kuona wazee wanabishana bila kuuliza simu, akauliza simu. Akatusomea: eti neno hilo ni la Waturuki, maana yake kukata vidogovidogo, likapita kwa Waajemi, kwa Wahindi, ndipo likafika pwani.

"Kukata," nikasema.

"Kukata, Mjomba. Hakuna mahali wamesema kusaga."

Mzee Saidi hakuinua kichwa. "Waturuki ni wa upande gani wa Kabambare?"

Sambusa zikajazwa, na Mariamu akawaambia wajazaji waimbe. Bukari ikapikwa na ule unga wa zawadi, kwa sababu ungekataa vipi? Wakwe walikula tonge la kwanza, wakaangaliana. La pili. Mzee Saidi akasema katika maisha yake ameona bukari na mboga, lakini bukari yenye mboga ndani, hiyo ni akili ya mji. Hakuna aliyepata mfupa. Hakuna aliyeosha mikono mapema. Posa ikapokelewa kabla ya alasiri, na Mariamu akalia ndani ya khanga yake, na safari hii hakikuwa kilio cha kuniogopesha.

Sasa nawauliza ninyi wa rika langu: mara ya mwisho mlisikia lini kartiye nzima inakata? Leo siku ya kuamkia Idi kuna muziki kwenye kila simu, kila mtoto na wake, na nyama inaingia sufuriani mabonge kama mtu anajenga. Watoto hawaimbi wakijaza, kwa hiyo wanatafuna, kwa hiyo sambusa zao ni upepo uliokunjwa vizuri. Wanajua neno limetoka Uturuki, na kisu hawajui kinashikwa wapi. Siwacheki sana. Sisi tulikuwa na visu na hatukujua Uturuki, na mimi, aliyebaki na visu na hadithi na diploma, ndiye niliyepanda kwenye kibao cha Papa Dunia.

Siku iliyofuata ile posa nililala mpaka jua likaingia mguuni. Hakuna kilichowika. Nilikaa kitandani nikaona ukimya ule ni mkubwa kuliko nilivyoutaka, visu vimelala, Bibi amelala, jogoo ameliwa. Nikaanza kuhuzunika vizuri, kwa raha, kama mtu mwenye nafasi. Ndipo dirisha likapigwa kofi, na sauti ya Mama Sifa ikaingia. Neno kwa neno:

"Shabani! Bibi yako alikuwa anakata nyama ili watu wa sahani moja wasigombane. Weye umelisha kartiye muzima na nyama ya sahani moja, na wote tumegombana. Jogoo nilikupa, lakini kuwika sitakuwikia. Amuka, Papa Dunia anakungojea usafishe mashini!"